Ikram na Tiara ya Paje

Katika basi la Kondoa, mwaka 2005, Frida alijifanya anasoma gazeti huku akisikiliza kiti cha mbele. Ikram, binti anayefanya kazi hotelini Paje, Unguja, alikuwa akimsimulia mzee aliyeketi naye jinsi tiara kubwa inavyomrusha juu ya bahari, ubao ukiwa miguuni.

"Nimeanguka miezi mitatu, babu! Kumbe nilikuwa naangalia maji. Ukigeuza shingo, mwili unafuata. Juzi nimezunguka mara mbili hewani, nikatua wima!"

"Mrangi wa Kondoa na bahari wapi na wapi? Mama yako anajua?"

"Ndiyo naenda kumwambia."

"Hatakubali."

"Atakubali!"

Kimoyomoyo, Frida alikuwa upande wa binti. Basi likasimama. Ikram akashuka mbio kumwendea mama yake aliyekuwa akimngoja stendi, mikono ikizunguka hewani kabla hata ya shikamoo.