Nusu Tangi ya Uongo

Kwenye benchi la madereva wa teksi, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Lamara mjini Kutaisi, asubuhi hiyo Nugzar hakuwa mtu wa kusemeshwa. Juzi alikuwa akimpeleka bintiye Tbilisi kwenye usaili wa chuo cha muziki. Gari lake, haibridi la petroli na betri, likazima katikati ya milima ya Rikoti, huku mshale wa geji ya mafuta ukionyesha nusu tangi. Ndani hamkuwa na tone. Binti akakosa usaili, akalia njia nzima ya kurudi. Nugzar kufika tu nyumbani, akasimama uani na kumwita jirani yake Gocha mwizi wa mafuta, jengo zima likisikia.

— Nusu tangi, bwana, — akawaambia wenzake benchini. — Nusu nzima haiyeyuki.

Zaur, waliyembandika jina la Betri kwa kuwa akianza kusema hazimi, alidai betri za magari haya hunywa petroli kwa siri gari likiwa limelala. Haba na haba hujaza kibaba. Tamaz Mrefu akapinga: vituo siku hizi vinauza hewa yenye harufu ya petroli, ndiyo maana mshale unapanda na gari haliendi. Betri kuona kapitwa, akaleta satelaiti. Kuna watu wanataka tununue magari mapya, akasema, wanatusogezea mishale wakiwa wamekaa kwao.

— Mwizi ni Gocha, — Nugzar akakata. — Nyie mnamtetea tu.

— Basi kajaze tangi tuone, — akasema Tamaz. — Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Nugzar akaenda, akajaza mpaka petroli ikafurika mdomoni mwa tangi. Aliporudi, mshale ulikuwa palepale kwenye nusu. Wakang'oa kiti cha nyuma, wakafungua kifuniko cha tangi, Tamaz akaitoa sensa na boya lake. Akalipandisha boya kwa kidole, akalishusha. Mita ya umeme waliyoiunga kwenye nyaya za sensa haikutikisika. Sensa ilikuwa imekufa siku nyingi, ikiapa nusu, tangi lijae au likauke.

Hapo hasira ya Nugzar ikapata miguu mipya. Akawalaani waliolitengeneza gari, akamlaani aliyemuuzia. Wenzake wakaitikia, benchi likachemka. Mama mmoja mwenye kikapu cha jibini, aliyekuwa akingoja teksi, alisikiliza mpaka wakapumua.

— Mwanangu, huyo Gocha ameshaambiwa kwamba hakuiba?

Betri akatazama kikombe chake. Tamaz akalifuta boya lililokwisha kuwa safi. Nugzar akafungua kinywa aseme kwamba hata hivyo Gocha ana sura ya mwizi, akaghairi, akaanza kurudisha kiti cha nyuma. Nyumbani si mbali, hata kwa miguu. Lakini aliona ni afadhali avuke Rikoti kwa kulisukuma gari kuliko kuingia katika ua ule, watu wakiwa madirishani.