Miaka Mitatu ya Kubeba Maji

Tangu basi litoke Kitui, kijana wa kiti cha mbele alikuwa akimsimulia mama aliyeketi karibu naye, ambaye hata hawakujuana naye, sinema ya karate aliyoiona kwenye video. Kiema, nyuma yao, alisikia yote bila kutaka.

"Huyo stelingi ni mjinga, mama, lakini ana nguvu! Mwalimu alimwambia abebe maji kutoka mtoni mpaka juu mlimani miaka mitatu. Hakuuliza kwa nini. Siku moja akapiga watu arobaini peke yake!"

"Miaka mitatu tu?" mama akauliza.

Mke wa Kiema, aliyekuwa akisinzia kando ya mumewe, alifumbua macho.

"Mimi nimebeba miaka kumi na tisa," mama akaendelea, "mingine nikiwa na mimba. Hao arobaini wangu wako wapi?"

Kijana alicheka. "Lakini yule alikuwa anafanya mazoezi."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unachota maji, mama."

"Haya. Basi arobaini ni wengi. Nitaanza na yule mmoja aliye nyumbani."

Mke wa Kiema alicheka mpaka akashika kiti. Kiema, ambaye mtoni hupeleka ng'ombe tu, aligeukia dirisha akawa anatazama mkonge kwa bidii.

Basi lilisimama Kwa Vonza, kituo cha Kiema na mkewe, wale wawili wakiwa bado wanabishana. Mkewe alishuka wa kwanza, mikono mitupu. Kiema alibaki amesimama na mtungi mpya wa maji aliomnunulia asubuhi, zawadi, pamoja na mkanda wake wa kichwani wa kuubebea mgongoni.