Asali ya Asubuhi ya Bibi Martina

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu kidogo, maana leo tunamkumbuka mtu aliyekuwa na sauti ya chini. Tunamkumbuka Bibi Martina Mughwai, muuza asali wa Itigi. Ametutoka wiki iliyopita, usingizini, nyumbani kwake.

Wengi mlimjua pale stesheni, akisubiri treni na ndoo yake ya asali. Lakini leo hatuzungumzii asali aliyoiuza. Tunazungumzia ile aliyoigawa bure.

Ilianza kwa mjukuu wake, Chrispin, aliyekuwa akimlea tangu mdogo. Asubuhi moja pumu ilimbana mtoto. Kifua kikawa kinalia kama filimbi, mbavu zinaingia ndani, maneno hayatoki. Bibi Martina alimfunga mgongoni akaenda zahanati nusu anatembea, nusu anakimbia, pamoja na umri wake.

Nesi Eliana alimpa mtoto dawa ya kuvuta. Kisha akampa vidonge vya kumeza. Vichungu kwelikweli. Chrispin akatema. Akapewa tena, akatema tena. Ndipo bibi akakumbuka kikopo cha asali alichokuwa nacho. Nesi akasaga kidonge, wakachanganya, mtoto akalamba mpaka kijiko.

Kisha wakakaa kusubiri. Nesi alikwisha kumweleza kwamba dawa hiyo ya kumeza haina papara, huchukua saa kadhaa. Bibi Martina hakuondoa macho kwenye zile mbavu. Jua lilipopanda, aliona zimetulia. Mtoto akaomba uji.

Binti yake, Jenifa, anasema mama alilisimulia jambo hilo kwa kunong'ona, kama mtu aliye kanisani. "Kitu kidogo kama punje ya mtama," alikuwa akisema. "Kimeingia kimya, kimemrudishia mtoto pumzi."

Na kwa vile alikiona ni cha thamani kiasi hicho, akakosea. Kesho yake Chrispin alikuwa anakimbiza kuku uani. Bibi akaona kumpa mtoto mzima dawa kama ile ni kuichezea. Vidonge vilivyobaki akavifunga kwenye pindo la khanga, akiba ya siku mbaya.

Siku mbaya haikukawia. Pumu ilirudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Safari hii Chrispin alifika zahanati midomo imebadilika rangi, na bibi aliamini anampoteza.

Hakumpoteza. Mtoto alipotulia, Nesi Eliana hakumgombeza bibi. Alimletea kwanza maji ya kunywa. Kumbukeni hayo maji, wasikilizaji wapendwa: alianza na huruma, si lawama. Halafu akaketi kando yake, akamwambia: "Bibi, mtoto kucheza siyo kupona. Njia za hewa bado zimevimba ndani, hatuzioni. Hivi vidonge vinashusha ule uvimbe polepole. Tulivyompa, avimalize vyote."

Tangu hapo, Bibi Martina akisikia mtoto wa jirani kapewa vidonge vya pumu, asubuhi yuko mlangoni na kikombe cha bati chenye asali. Kesho yake tena, mpaka vidonge viishe. Wavulana aliwaita mume wangu. Wasichana aliwaita mke mwenzangu. Watu wakamtania kwamba anamaliza mtaji kwa kuhonga waume wasio na meno. Yeye akacheka nao, na kesho yake akaja tena.

"Watu walidhani mama anapeleka asali," Jenifa anasema. "Mama alikuwa anakwenda kuona kidonge kinamezwa."

Mtoto wa mwisho aliyekuwa akimpitia ni Belinda, binti wa jirani yake Selina. Bibi alifariki Belinda akiwa bado hajamaliza vidonge vyake. Asubuhi ya mazishi mtoto anaruka kamba, mama yake anatafuta khanga ya kwendea msibani, dawa imesahaulika juu ya kabati.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Chrispin. Sasa ni mwanamume mzima mwenye kifua kipana, anapakia mizigo stesheni. Macho yamevimba kwa kulia, na mkononi ana kile kikombe cha bati.

Selina anasema aliishusha dawa juu ya kabati, Belinda akaimeza kwa asali. Chrispin alichuchumaa mbele ya mtoto. "Mke mwenza wa bibi," akasema, "fungua mdomo nione."

Kisha akarudi msibani. Jenifa alimwona akiinama karibu na jeneza, na alisikia alichosema. "Bibi, amemeza."

Jenifa, Chrispin na ukoo mzima wa Mughwai, poleni sana. Msiba wenu tumeubeba pamoja nanyi, na Mungu ampumzishe bibi yetu kwa amani.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kama nyumbani kwako yupo mtoto aliyepewa dawa hiyo, na leo anakimbia na kucheka, hebu tazama juu ya kabati. Dawa aliyoelekezwa kumaliza, ameimaliza? Na kama mtoto huyo ni wa jirani, mpitie asubuhi.

Hata kama huna asali.