Manowari Itapirema na Wale Saba wa Santa Eudóxia

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi kutoka hapa Recife. Leo tunawakumbuka marehemu wawili. Mmoja ni mtu. Mwingine ni meli.

Mtu ni Dorgival Calheiros, fundi redio wa mtaa wa São José, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na mitano. Wengi wenu mlimjua. Mimi nilimpelekea redio ya mama yangu, akaigeuza mara mbili, akasema, "Binti, hii haijafa. Imenuna tu." Meli ni Itapirema, manowari ya kusindikiza, aliyoitumikia wakati wa vita.

Itapirema ilikuwa ndogo. Narudia, ilikuwa ndogo: mabaharia themanini, mzinga mmoja mbele, na nyuma mabomu ya kutupia nyambizi. Iliteremshwa majini Rio mwaka 1940. Vita vilipotufikia, ikapewa kazi ya kulinda misafara ya meli za mizigo kati ya Trinidad na Recife. Misafara thelathini na tisa. Iliyumba vibaya mno, hata sufuria za maharage zilifungwa kwa waya jikoni. "Tulikula wima kama farasi," Dorgival alimwambia bintiye, Lindalva.

Dorgival alikuwa msikilizaji wa meli. Alikaa kwenye chumba kidogo kama kabati, hedifoni masikioni, akisikiliza chini ya maji kama kuna nyambizi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mwezi Juni 1943, saa mbili asubuhi, meli ya mizigo Santa Eudóxia ilipigwa na nyambizi. Ilipinduka, lakini haikuzama. Ilibaki ikielea, tumbo juu. Itapirema iliokoa watu ishirini na wawili kutoka majini. Hao wakasema kuna saba hawakutoka, watu wa chumba cha injini.

Ndipo Dorgival akasikia mtu akigonga chuma. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Akamwita kapteni, Aristarco Penaforte. Kapteni akavaa hedifoni, akasikiliza, akazivua taratibu.

"Chukua nyundo," akasema. "Nina dakika ishirini za kukupa. Zaidi ya hapo sina."

Dakika ishirini, wasikilizaji wapendwa. Meli kumi na sita za msafara zilikuwa zinaendelea na safari zikiwa na mlinzi mmoja tu, na nyambizi ilikuwa bado iko karibu.

Dorgival na wapiga makasia wanne wakaenda na mashua. Akapanda kwenye lile tumbo la chuma, likiteleza kwa mwani. Akagonga mara tatu. Ndani wakajibu mara tatu. Akagonga mara tano. Wakajibu tano. Hawakuwa na kifaa cha kukatia chuma. Walikuwa na nyundo, kamba na shoka la kuzimia moto. Walilipiga lile bamba kwa shoka mpaka mpini ukavunjika.

Kisha Itapirema ikapandisha bendera ya kuwarudisha.

"Waage basi," mpiga makasia mmoja akamwambia. "Usiwaache hivihivi."

Utamuagaje mtu kwa nyundo? Dorgival aligonga harakaharaka, mfululizo, kama mtu aliyeleta habari njema. Na ndani wakajibu vilevile, harakaharaka, wote kwa pamoja.

"Walishangilia," alimwambia Lindalva miaka mingi baadaye. "Walidhani tumeshapata njia. Mimi ndiye niliyewashangilisha."

Aliporudi melini, kapteni akamwambia, "Rudi kwenye hedifoni, Calheiros."

"Afande, nitawasikia."

"Najua. Na nyambizi nayo utaisikia. Rudi."

Aliwasikia kwa dakika kumi na moja, mpaka Itapirema ilipoondoka na kelele za pangaboi lake zikawafunika.

Siku mbili baadaye Itapirema ilirudi mahali pale. Ilikuta mafuta na mbao. Familia zote saba ziliandikiwa barua kwamba wapendwa wao walikufa papo hapo, kwa mlipuko.

Vita viliisha. Itapirema ikawa inapeleka chakula na mafuta kwa walinzi wa minara ya taa. Mwaka 1961 ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu, hapahapa Recife. Dorgival alikwenda kuitazama. Akamkuta fundi mwenye mtungi wa gesi akichana ubavu wa meli huku sigara iko mdomoni.

Dorgival akamuuliza, "Tundu la kupita mtu, linachukua muda gani?"

"Mtu mnene au mwembamba?" fundi akacheka. "Dakika kumi, kaka. We vipi, jua limekupiga?"

Dorgival alikuwa amekaa chini, kwenye matope.

Wiki hiyohiyo alipanda basi kwenda Cabedelo, kwa Dona Esmeraldina, mjane wa mmoja wa wale saba. Alimweleza yote, mlangoni, kofia mkononi. Mama yule hakulia.

"Miaka kumi na minane nimelala vizuri kwa barua ile," akasema. "Papo hapo. Nilishukuru Mungu. Leo umepanda basi kuja kuninyang'anya?"

"Nisamehe, Dona."

"Siwezi. Na kwa wale wengine sita je, nani atakusamehe?" Kisha akauliza, "Ulipoondoka, walijua?"

"Hapana. Niliwafanya waamini tunawatoa."

Akasogea kando ya mlango, akampisha. "Ingia ule. Usinishukuru."

Hakumsamehe kamwe. Lakini kila Juni, mpaka mama huyo alipofariki, Dorgival alikwenda Cabedelo akala maharage na unga wa muhogo mezani kwake. Mara nyingi hawakusemezana. Lindalva anasema, "Baba alikuwa akirudi kutoka kule anapata usingizi siku mbili tatu. Halafu basi, unapotea tena."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Lindalva, wanawe na mafundi wote wa São José. Tunazipa pole pia familia zote saba; huenda sita kati yao leo, kupitia redio, zinausikia ukweli huu kwa mara ya kwanza. Tusameheni kwa kuwafikishia hivi. Na sisi wengine tujiulize, kama tungekuwa pale juu ya lile tumbo la chuma, bendera imeshapanda, tungegonga nini?

Dorgival aliacha karatasi yenye majina ya wale saba, akaomba yasomwe hewani atakapokuwa hayupo. Nitayasoma polepole, bila muziki. Wa kwanza ni Gervásio Lustosa, wa Cabedelo.