Maziwa Niliyoyatema Minjila

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Eh! Wameitikia watatu. Basi nitazungumza na hao watatu, nyinyi wengine mliokunja nyuso sikilizeni kwa wizi.

Mwenyekiti wetu wa chama hiki cha kufaana ameniambia, "Simama uwaeleze watu ulivyoanguka ukainuka. Lakini jina la mtu usitaje." Nimekubali. Kila nitakayemsema yumo humu ndani, au jamaa yake yumo, na mimi meno yangu bado nayapenda. Mkimjua mtu, limezeni jina lake. Mtaona mbele kwa nini nasema mmeze.

Mimi ni mtu wa mto, shamba la baba liko Kilelengwani. Shule nilikwenda mpaka pale mwalimu alipoanza hesabu za kugawanya. Nikaona huyu bwana anatafuta ugomvi, nikamwachia darasa lake. Nikaenda Mombasa, nikapata kazi kwenye ghala la chai, kubeba makasha. Kichwa hiki mnachokiona kimelala juu kama meza, sikuzaliwa nacho hivi.

Sasa, mle ghalani mlikuwa na chumba cha waonjaji. Vikombe vimepangwa mstari, strungi tupu, hakuna maziwa, hakuna sukari. Mwonjaji anachota kwa kijiko, anavuta kwa nguvu, fyuuu! kama mtu aliyeungua, anaizungusha mdomoni, kisha anatema kwenye ndoo. Hamezi hata tone. Akimeza vikombe vyote vile, tumbo litamshinda kabla ya adhuhuri. Na mnajua nani alikuwa anamwaga ile ndoo? Ndiyo. Msicheke sana. Wengine wamesomea kwenye vitabu, mimi nimesomea kwenye mate ya watu.

Lakini pua Mungu alinipa. Polepole wakaanza kunionjesha. Nikajua chai ya vumbi inatoa rangi na nguvu, majani makubwa yanatoa harufu, na vile vipande vya katikati vinashikanisha hizo mbili zisigombane. Na kutema nikajua. Ndugu zangu, nawaambia, kwa kutema nilikuwa fundi. Ndoo iko kule, mimi niko huku, na tone halianguki njiani.

Nikarudi, nikaoa binti wa huku huku mtoni, tukakaa Garsen. Hapa kuna tajiri mmoja mwenye duka. Alikuwa anauza chai za makampuni, kila pakiti na jina la wenyewe. Siku moja akanisikia barazani najisifu, akaniita ndani. "Kwa nini nimtangazie mtu mwingine jina lake?" akasema. "Nataka chai yangu mwenyewe, pakiti yangu, chapa yangu. Wewe unajua kuchanganya?" Nikamwambia, "Tajiri, mimi nikichanganya chai hata mgonjwa anaamka." Mdomo huu! Ungekuwa ng'ombe ningekuwa nimeshauchinja.

Tajiri akaagiza makasha, akachapisha pakiti zenye picha ya ndama. Chai ya Ndama. Aliyechora hakuwahi kumwona ndama, alichora mbuzi mwenye huzuni, lakini tukanyamaza. Mimi nikachanganya. Majani makubwa nikayajaza, vumbi nikalinyima, kama mtu anayejipaka manukato ya kwenda harusini. Nikapika kwa maji ya mvua ya tangi la duka, strungi. Fyuuu! Ptuu! Tajiri akaangalia rangi, nyekundu kama shaba mpya, akafurahi.

Ila tajiri si mjinga. Akaniambia, "Wanunuzi wangu wa chai ni wafugaji. Nenda Minjila, wapikiwe, waonje. Wakiikubali, stoo ya chai utaisimamia wewe. Wakiikataa, rudi kwa baba yako ukalime."

Na hapo mjue jambo lingine. Mke wangu alikuwa ndani, amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Ziwa lilikuwa halijai. Kilichokuwa kinamshika ni uji wa maziwa, na maziwa yale yalikuwa yanaletwa kila asubuhi na mama mmoja wa Kiorma wa Minjila. Nyumba niliyotumwa kwenda kuonjesha chai ndiyo nyumba ya mama huyo huyo.

Nikafika. Wakati ule kiangazi kimeshika, ng'ombe wamebaki mbavu. Mama akapika chai yangu kwa maji ya mto, akatia maziwa kutoka kibuyu chake kile wanachokifukiza moshi. Mumewe na wazee wenzake wamekaa nje wanangoja. Watoto wamekodoa macho. Mama akamimina kikombe cha kwanza, akanipa mimi, mgeni. Watoto wake walikuwa hawajanywa.

Na mimi nikasimama. Kwa nini nilisimama sijui, nilijiona bwana mkubwa wa Mombasa. Nikavuta, fyuuu! Watoto wakacheka. Nikazungusha mashavuni, nikaangalia juu, nikafumba macho. Kisha nikageuka, ptuu! Pale mlangoni kwake, chini.

Watoto wakaacha kucheka. 

Mama akasema, "Wewe. Nini hiyo umefanya?"

"Naonja, mama."

"Unaonja? Maziwa yangu unatema kwa mlango yangu?"

"Mama, Mombasa ndivyo wanavyo..."

"Mombasa iko na ng'ombe ngapi?"

Mzee, mumewe, akainuka na fimbo. "Toka. Ng'ombe inakufa, mtoto inalia, wewe unamwaga maziwa. Toka kabla mimi nasahau wewe ni mgeni."

Mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nikatoa mzaha. Nikasema, "Mzee, nimeinywesha ardhi tu, nayo ina kiu."

Fimbo ilikuja kabla sijamaliza. Nilikimbia, kiatu kimoja kikabaki. Mpaka leo kiko Minjila, mguu wa kushoto, mkikiona nisalimieni.

Sisi wa mashambani tunajua maziwa ni kinywaji. Kwa wale ni maisha yenyewe. Kuyatema mlangoni kwa mtu ni kama kumwombea ng'ombe zake zikauke. Na hazikupita siku nyingi, ng'ombe bora wa yule mama akakauka kweli. Kiangazi ndicho kilichomkausha, lakini nani atailaumu mvua isiyokuja na mimi nipo hapa karibu?

Habari zilifika Garsen kabla yangu. Kwenye kivuko cha mto wavuta kamba wa pantoni waliniona na kiatu kimoja, wakaanza, "Bwana Ptuu! Karibu Bwana Ptuu! Usitutemee mto, tunanywa sote!" Wanawake wa maziwa wakaanza kuupita mlango wangu. Si yule mmoja tu, wote. Mke wangu akisimama na bakuli, wanageuza shingo. Pakiti za Ndama zikarudishwa dukani, nyingine zimepasuliwa, yule mbuzi wetu mwenye huzuni ametapakaa barabarani. Asubuhi moja nikakuta chai imemwagwa kizingitini kwangu, imekauka, nzi wamejaa. Wewe uliyekaa karibu na nguzo, usitazame chini. Nakujua.

Tajiri akasema, "Pakiti zangu zina ndama, na wenye ndama hawataki kuziona. Nakungoja mpaka makasha yaliyobaki yaharibike. Hapo na wewe utakuwa umeharibika."

Na mke wangu! Alikaa kitandani, mtoto analia kifuani, akanitazama kutoka unyayo mpaka utosi. "Wanaume wenzio wakienda kwa wafugaji wanarudi na maziwa. Wewe umerudi na kiatu kimoja." Nikacheka. Yeye hakucheka. Mtoto alikuwa ananyonya, anaacha, analia, ananyonya tena hewa. Ndugu zangu, mimi nimefanya mzaha na kila kitu, hata na maiti niliwahi. Lakini kile kilio sikuweza kukifanyia mzaha.

Basi nikaanza kuchukia. Nilimchukia mama, mzee, wavuta kamba, nyinyi wote. Nikasema hawa hawajui chai, wamezoea moshi, wakae na moshi wao. Nikafunga mzigo wa kurudi Mombasa.

Aliyenikamata mlangoni ni mama mkwe. Mama mkwe wangu hakunipenda siku ya posa, na mpaka leo hajaanza. Lakini ukoo wake na nyumba ile ya Minjila wana urafiki wa tangu bibi zao. Wakati wa mavuno sisi tunapeleka mahindi na ndizi, wao wanatupa maziwa. Akanipa mkungu wa ndizi. "Beba. Beba na hiyo chai yako. Na mdomo ufunge mpaka nikwambie fungua."

Tulipofika, mzee akashika fimbo. Mama mkwe akasimama mbele yangu, si kwa kunipenda, ni kwamba njia ilikuwa nyembamba. Akamwambia mwenzake, "Dada, sikuja kumtetea. Huyu ni mjinga. Mimi nilimpa binti yangu, kwa hiyo ujinga uko nyumba mbili. Lakini yule mtoto hajatema kitu."

Mama akanitazama mimi, akautazama mkungu. Kisha akasema, "Alitema. Sasa ameze. Atapika chai yake hapa, maziwa yangu, macho yangu yanaona. Kila kikombe anameza yote, mpaka chai inakuwa chai. Akitema, akibakisha tone, asirudi. Kibuyu ya mzazi inatoka siku ile chai inatoka."

Nikaanza na mchanganyo wangu wa kujisifu, ule wa manukato. Mdomoni ulikuwa mtamu. Nikameza. Na hapo, ndugu zangu, ndipo macho yalipofunguka. Ilipofika kooni, moshi wa kibuyu ukapanda kutoka chini, na chai yangu ikapotea! Ikawa kama mtu anayeimba vizuri, likapita kundi la ng'ombe. Ukabaki moshi na tope la mto. Chai yangu ilikuwa inakufa kooni, na mimi koo sikuwahi kuliuliza. Waonjaji wa Mombasa wanatema kwa sababu wanaonja strungi. Chai ya maziwa ya moshi inaonjwa baada ya kuipita mdomo, na mimi siku ile nilikuwa nimeitema kabla haijaniambia neno lake.

Nikarudia. Nikajaza vumbi. Mama akaonja, akasema, "Hii ni dawa ya minyoo?" Mzee akasema, "Ipake kwato." Nikameza yote. Nikapunguza vumbi, nikaongeza vipande. Nikameza. Nikarudisha majani. Nikameza. Tumbo likawa ngoma, nikitembea linalia. Nikaenda vichakani, nikarudi, nikaenda tena. Nikimbiavyo namsikia mzee nyuma yangu anawaambia wenzake, "Muacheni. Anainywesha ardhi."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nilistahili.

Nilikwenda Minjila siku baada ya siku, kumeza. Mwisho nikapata. Vumbi ndilo likawa msingi, lisimame na moshi bila kuogopa. Vipande vya katikati vikafuata, vibaki kooni wakati moshi unapanda. Majani makubwa, yale niliyokuwa najivunia, yakaingia kidogo tu kama chumvi, kwa ajili ya pua. Na majani yachemke na maji kwanza, maji yawe meusi, ndipo maziwa yaingie.

Mama akanywa. Akanywa tena. Akampa mumewe. Mzee akanywa mpaka chini, akanitazama kwa chuki ile ile, kisha akanyoosha kikombe kiongezwe.

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanikanyaga mguu.

Mama akaleta kibuyu, akampa mama mkwe mkononi. Mimi akaniambia, "Chai nimekubali. Wewe bado."

Na kweli bado. Stoo ya chai nasimamia mimi, tajiri amechapisha pakiti nyingine, na yule mbuzi ameanza kufanana na ndama. Mtoto amenenepa. Mama anapita kwangu kila asubuhi, anamsalimu mke wangu, anamchekea mtoto. Nami nikimwamkia, anautazama mdomo wangu, anapita.

Basi nashukuru. Namshukuru mke wangu, kwa kutocheka siku ile. Namshukuru mama mkwe, na mguu wangu bado unamkumbuka. Tajiri namshukuru kwa kuningoja huku akinitukana. Na yule mama, kwa kunipa adhabu iliyonifundisha kazi ambayo Mombasa nzima haikunifundisha. Somo langu ni fupi, mimi shule niliacha. Kitu cha watu usikitoe maana kwa ncha ya ulimi. Kimeze kwanza, kikufike kifuani, hata kama kina moshi. Mimi niliwaita nyinyi wajinga wa chai, na aliyekuwa hajawahi kunywa chai ni mimi.

Sasa birika lile pale mlangoni ni la Ndama, limepikwa kwa maziwa ya Minjila. Anayenipenda anywe kikombe. Anayenichukia anywe viwili. Lakini msiteme, tafadhali. Yule mama amekaa safu ya mbele, hajacheka tangu nianze, na leo ile fimbo ya mzee ameibeba yeye.