Taa ya Hodi ya Kaka Yetu

Ndugu na majirani, tangu utotoni kaka alikuwa akinisemea kwa wazazi. Leo ni zamu yangu kumsemea mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wa tatu kati yetu sita. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, na mwaka 1981 akahitimu chuo katika hisabati. Mwaka huohuo aliajiriwa na shirika la reli, akaandika programu za ratiba za treni hadi alipostaafu mwaka 2018. Miaka yote hiyo hakuwahi kufungua kompyuta aone ndani. "Hayo ni ya mafundi," alisema, huku akipuliza vumbi kwenye kibodi.

Tarehe 6 Desemba 1986 alimuoa wifi yangu, fundi cherehani. Mwaka 2017 homa kali ilimwondolea wifi usikivu wote. Akawa anashona huku ameukodolea macho mlango, sindano inamchoma vidole, na bado wateja walibisha hodi wakaondoka. Iliniuma sana kumwona vile.

Kaka, na miaka yake sitini, akaenda kukaa kwenye benchi la fundi redio wa mtaani, ajifunze umeme tangu mwanzo. Alitaka kutengeneza taa ya hodi: mgeni abonyeze kitufe mlangoni, taa iwake juu ya cherehani. Akaiunda, na programu ya kuiendesha akaiandika mwenyewe. Loo! Asubuhi moja iliwaka mara kumi na nne, na mlangoni hakuna mtu. Wifi akanijia juu: "Wifi, hodi hizi ni za majini au za kaka yako?"

Kaka alikagua programu siku tatu, mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Fundi redio alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee mwenzangu, kitufe kisipobonyezwa, waya wako unaning'inia tu. Wewe unadhani hapo ni sifuri, hakuna umeme. Wapi! Waya unadaka kila kinachopita hewani. Ufunge kwenye hasi kwa rezista, kidude cha kupunguza umeme." Rezista moja, saizi ya punje ya mchele, na taa ikatulia. "Kumbe kosa linaweza kukaa nje ya maandishi!" kaka alitusimulia, mpaka tukamchoka.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kufa hakukumtisha, alichoogopa ni taa kuharibika wifi akiwa peke yake. Basi akamkalisha mezani, akamwandikia kila hatua daftarini, akamfundisha kulehemu. Wifi aliungua, akamgombeza, akaendelea. Mwezi Juni kaka akakata waya mmoja kwa siri. Wifi akautafuta, akaupata, akaulehemu. Kaka akabonyeza kitufe, taa ikawaka, naye akalia mbele yetu bila haya. Alifariki kwa utulivu Jumanne, tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi ndugu zake wanne tuliobaki hai. Juzi, kwa wingi wa waliokuja kutupa pole, kitufe kiling'oka na taa ikagoma. Mkwe wao akasema aitwe fundi. Wifi akamsoma midomo.

"Fundi yupo," akasema, akainuka kutafuta bisibisi.

Basi pumzika kwa amani, kaka yetu, bila wasiwasi wowote.