Ng'ombe Aliyekatwa Sikio Mara Mbili

Sogeeni, wanangu, lakini kaeni pale ninapoiona mikono yenu. Werema, wewe mkubwa, usisimame mlangoni kama mtu aliyeaga tayari. Keti hapa karibu na mdogo wako Nikodemo. Nyangi, binti yangu, niinue kidogo, na hicho kibuyu cha maziwa kiweke mbali, siyataki, na sababu nitaisema. Filemoni, mwalimu wetu wa dini hapa Itiryo, nimemwita mwenyewe awe shahidi, na hata yeye asinibembeleze, maana siku hizi nikiona mtu ananichekea sana najiuliza anataka kurithi nini.

Mali yangu mnaijua. Shamba la ulezi la upande wa kijito ni la Werema, na mkewe aendelee kulilima. Vibuyu, majembe na ghala dogo ni vya Nyangi, na mumewe asije akasema ni vyake. Ng'ombe wa nyumba yangu ni wa Nikodemo wote, kwa sababu ng'ombe walioletwa Nyangi alipoolewa walikuwa wa kumwolea yeye mke, na Werema akawatumia kuoa wa kwake. Shemeji yangu Machage asikanyage zizi hili hata akija analia; alilia hivyohivyo kwenye maziko ya baba yenu, huku macho yake yako kwa fahali. Hayo yamekwisha. Sasa sikilizeni lililonifanya niwaite.

Juzi, kabla miguu haijanikatalia, nilikwenda kukamua. Yuko zizini ng'ombe mwekundu mwenye ndama, ambaye Werema alisema amempata kwa rafiki yake, wamebadilishana na dume. Nilipomgusa akanirushia teke. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kuuona mji huu, na huyo rafiki mbona hana jina? Nikamshika sikio. Ng'ombe wetu hukatwa sikio wangali ndama, na kovu lao linakuwa laini. Huyu amekwisha kuzaa na kidonda bado kibichi. Pembeni ya alama yetu ipo nyingine ya zamani, na hiyo vidole vyangu vinaijua, kwa sababu shangazi yangu aliolewa Kisaka, ng'ambo ya mto Mara, na nilikamua ng'ombe wao nikiwa msichana. Werema, ulimwiba, kisha ukadhani kisu kitafuta.

Usinijibu, najua utakalosema. Utasema unamlipa mdogo wako haki yake. Na wewe Nikodemo, usiangalie chini. Kidonda kile ulikiona kila ulipochunga, na hukuuliza, kwa sababu unamtaka Efrazia, binti wa mzee Kisyeri, na ng'ombe wetu hawatoshi mahari. Mmoja alivuka mto, mwingine akanyamaza, na mimi sijui ni yupi kati yenu anayeniumiza zaidi.

Mara ngapi, Werema? Umesimama mbele ya kanisa ukatubu mpaka akina mama wakalia na wewe. Kisha nyasi zikirefuka na wenzako wakianza kunong'ona, unatoweka. Unarudi blanketi linanuka moshi wa porini, na Jumapili uko benchi la mbele. Sisemi ulikuwa unaigiza. Nadhani ulilia kweli. Ng'ombe wale wa nyuma polisi waliwachukua, au mliwauza mpakani, lakini wizi wa huyu mwekundu uliutubia, ukatoka kanisani, ukaja nyumbani ukanywa maziwa yake, hayohayo ya kibuyu kile niliyoyakataa. Ndiyo maana hubanduki kwenye wizi, mura, kijana wangu. Ulimwomba Mungu akusamehe wizi, ila hukumwamini kwamba anaweza kukufanya mwanaume mbele ya watu bila ng'ombe wa wenzako.

Na mimi nilifanya nini? Nilikushuku tu. Nilificha mkuki wako ghalani, ukaenda kuazima wa Machage. Nilimwaga majivu mlangoni nione nyayo, ukapita juu yake bila haya. Nilikuapisha kwenye kaburi la baba yako, mimi Mkristo, na ukaapa. Mvua nilimwachia Mungu, ulezi nilimwachia Mungu, wewe peke yako nikakushika mwenyewe, na tazama nimepata nini.

Sikilizeni basi. Yule ng'ombe na ndama wake warudi Kisaka leo, kwa njia kubwa, mchana, bila mkuki. Werema awapeleke mwenyewe mpaka zizi alikowatoa, aseme, ni mimi. Wanaweza kumpiga. Wanaweza kumpeleka kwa Bwana Shauri wa wilaya akafungwa, na mimi mama yake nalijua hilo na bado nasema aende. Nikodemo asubiri ng'ombe wake wazae. Efrazia akikataa kungoja, basi aende.

Nyangi, nipe maji. Kidogo tu.

Nilikuwa nimepanga hivi: nisikubariki, Werema, mpaka Filemoni aende Kisaka arudi aniambie amekuona ukiwakabidhi. Kwetu mwana aliyefiwa na mzazi bila kutemewa mate ya baraka hanyooki tena maishani, na wewe unaogopa hilo kuliko jela. Tangu asubuhi unaitazama midomo yangu. Hiyo ndiyo kamba niliyobaki nayo. Lakini sitafika hadi Filemoni arudi. Na hata ningefika, ungekwenda kwa kuniogopa mimi, na nikishazikwa utamwogopa nani?

Nikodemo, lete kichwa. Mungu akupe subira, akupe na mke asiyekuuliza umetoa wapi mahari. Nyangi, binti yangu, wewe umenichoka na hukuniacha, Mungu akuone.

Werema. Karibu zaidi, mdomo umekauka. Mungu akutangulie... ukivuka mto... uwe mtu. Haya. Nimekutemea. Umebarikiwa, na ng'ombe bado yuko zizini, na sasa hakuna mtu anayekushika. Filemoni, usimfuate. Nikodemo, usichungulie. Nimekesha miaka mingi nikimlinda huyu, leo namwacha kwa Mungu, na naogopa, wanangu, naogopa sana.

Nyangi... nigeuze, nielekee ukutani. Nisione ameshika njia ipi.